Kuchangia walio hai: vikao vya afya ya akili Mumias, na pesa kidogo zinazoviendesha

Ukiwa Mumias unajua jinsi habari ya msiba inavyosafiri. Mtu akifariki Shibale asubuhi, kufika saa sita mchana kikundi cha WhatsApp kishafunguliwa, mweka hazina kachaguliwa, na majina yameanza kupangwa: fulani 500, fulani 1,000, watu wa chama 5,000. Hakuna anayeuliza kama itawezekana. Inawezekana kwa sababu tumezoea, na kwa sababu simu imerahisisha.

Sasa fikiria jirani ambaye yuko hai lakini ameacha kuamka kwenda shamba. Hali vizuri. Simu ikilia anaigeuza isionekane. Akiulizwa anasema, "Niko tu." Huyo anafunguliwa kikundi gani? Mara nyingi hakuna. Tunasema, "Siku hizi ana mawazo," halafu tunaendelea na safari zetu.

Sisi ni kampuni ya malipo, si hospitali, na hatutajifanya madaktari hapa. Lakini maswali mengi mnayotuuliza kuhusu pesa huwa na jambo lingine nyuma yake. Mteja anauliza kuhusu kurudishiwa pesa aliyotuma kimakosa, na ndani yake kuna ugomvi wa nyumbani. Mwingine anauliza kuhusu mkopo wa simu, na ukimsikiliza unagundua hajalala siku tatu. Kwa hivyo leo tunazungumzia vikao vya afya ya akili vya kijamii: ni nini, vinasaidia kweli ama ni maneno tu, na kikundi cha Mumias kinaweza kuendesha kimoja vipi bila kugombania pesa.

Mji uliojifunza kusubiri

Huwezi kuzungumza kuhusu mawazo ya watu wa Mumias bila kutaja miwa. Kiwanda cha sukari kilianza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko vyote Kenya. Kililipa karo, kilijenga nyumba za mabati, kilioza mabinti na kuwaoa vijana. Mwenye ekari chache za miwa alikuwa mtu wa heshima, na duka lilimkopesha bila maswali.

Halafu mambo yakageuka. Madeni yakapanda, malipo ya wakulima yakachelewa, mitambo ikasimama. Septemba 2019 benki ya KCB ikakiweka kiwanda chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mdai ili kulinda deni lake. Mwishoni mwa 2021 kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani. Julai 2025 Bodi ya Sukari ya Kenya ikasimamisha usagaji wa miwa kwa miezi mitatu katika ukanda huu wa magharibi, kwa sababu viwanda vilikuwa vinakata miwa ambayo haijakomaa.

Hiyo ndiyo historia ya kwenye magazeti. Ya nyumbani ni tofauti kidogo. Miwa mipya huku kwetu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili kukomaa. Mkulima anakopa leo akitegemea pesa ambayo itakuja mtoto akiwa darasa lingine. Pesa hiyo ikichelewa, mtu hapotezi mapato peke yake. Anapoteza jina alilokuwa nalo dukani, kwenye chama, na mbele ya watoto wake. Baba aliyekuwa akiitwa "mwenye miwa" sasa anakwepa njia inayopita dukani.

Wengi wamehamia kazi nyingine: boda boda, kuuza mboga, kupanda mahindi na maharagwe pale miwa ilipokuwa. Wengine wamekwenda Nairobi na hata Uarabuni, wakaacha wazee na watoto. Maisha yanasonga, ndiyo. Lakini aibu na uchovu havihami pamoja na kazi.

Kikao cha afya ya akili ni nini hasa?

Ukisikia "warsha ya afya ya akili" unaweza kufikiria ukumbi wa hoteli, projekta, na mtu aliyevaa tai. Ziko za aina hiyo, na zina faida yake: zinafundisha dalili na zinapunguza unyanyapaa. Lakini kile ambacho kimeonyesha matokeo mazuri zaidi vijijini ni kitu kidogo kuliko hicho. Ni watu wachache wanaokaa pamoja, walewale, mahali palepale, kila wiki, kwa muda unaojulikana.

Mfano bora uko jirani, hapo Uganda. Mwaka 2002 watafiti walifanya kazi katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, sehemu iliyokuwa imeumizwa sana na UKIMWI. Katika nusu ya vijiji waliunda vikundi vya watu wenye dalili za unyogovu. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko, waliofundishwa kwa wiki mbili.

Matokeo yalichapishwa 2003. Kabla ya vikao, takriban watu 86 kati ya kila 100 kwenye vikundi hivyo walikuwa na dalili za unyogovu wa kiwango cha ugonjwa. Baada ya vikao walibaki takriban 7. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikao, walikuwa takriban 94 na wakabaki takriban 55. Kwa hivyo wengine hupata nafuu wenyewe kadiri siku zinavyopita, lakini waliokaa pamoja walipona kwa wingi zaidi, tena mbali sana.

Walizungumza nini? Hawakuzungumza kila kitu. Vikao vilishika mambo matatu: msiba, ugomvi na watu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha. Tazama orodha hiyo halafu tazama Mumias. Aliyefiwa yuko. Aliyegombana na ndugu juu ya shamba yuko. Na yule ambaye kazi ya kiwanda iliisha na mpaka leo hajajua yeye ni nani bila ile kazi, huyo ndiye mabadiliko ya maisha yenyewe.

Zimbabwe nako kuna jambo la kuiga. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha 2006 mpango wa kutumia kina nyanya wa mtaani Harare, waliofundishwa kusikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Unajulikana kama Friendship Bench, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kina nyanya hao hawatumii neno la kizungu la ugonjwa. Wanatumia neno la Kishona linalomaanisha "kuwaza kupita kiasi." Si ndivyo tunavyosema hapa? "Amezidiwa na mawazo." Lugha tayari tunayo.

Tena baada ya benchi, watu hualikwa kwenye duara la wenzao, ambako hufuma mikoba kwa plastiki iliyotumika na kuiuza huku wakizungumza. Mikono ina kazi, mdomo unafunguka. Chama chochote cha kina mama Mumias kinaijua siri hiyo bila kufundishwa na mtu.

Je, shida ni akili ama ni pesa?

Hili ni swali halali, hasa kutoka kwa mtu wa boda ambaye anatusikiliza akiwa na nusu lita ya petroli. "Mimi nipeni pesa, mawazo yataisha yenyewe." Kuna ukweli ndani yake.

Kati ya 2011 na 2013, huko Rarieda, Kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilituma pesa za bure kwa familia maskini kupitia simu. Watafiti walipolinganisha familia zilizopata na zisizopata, waliona kwamba zilizopata hazikununua tu mabati na mifugo. Hali yao ya moyo pia iliboreka, furaha ikapanda na stresi ikapungua. Pesa ikiingia, usingizi unarudi.

Utafiti mwingine wa baadaye, pia vijijini Kenya, ulilinganisha pesa na mazungumzo ya ushauri ya wiki tano, mtu mmoja na mshauri mmoja. Mwaka mmoja baadaye, waliopata pesa walikuwa na nafuu inayoonekana. Waliopata mazungumzo peke yake hawakuonyesha tofauti. Sisi tunalisema hili wazi ili mtu asije akauziwa semina kama dawa ya kila kitu. Ukimwambia mtu apumue pole pole wakati mwenye nyumba anagonga mlango, hujamsaidia sana.

Lakini ona tofauti na ile ya Uganda. Kule watu walikaa kwa kikundi, wiki 16, na majirani ambao wangeendelea kuwaona sokoni. Kikundi hakiondoki mshauri akiondoka. Ndiyo maana tunaona kikao kizuri cha Mumias ni kile kinachokaa juu ya kitu kilichopo tayari, kama chama, kikundi cha akina mama msikitini au jumuiya ya kanisa, au steji ya boda boda. Hapo mtu anaweza kusema shida yake na pia akapata wa kumkopesha unga. Mambo mawili chini ya mti mmoja.

Kukianzisha bila makuu

Tumekusanya hapa hatua ambazo kikundi chochote kinaweza kufuata.

Anzeni na watu wachache. Wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, wenye sauti kubwa watazungumza na wenye shida kubwa watanyamaza.

Chagueni siku kwa kuheshimiana. Mumias ina Waislamu wengi tangu enzi za misafara na Nabongo Mumia, na ina Wakristo wa kila dhehebu. Ijumaa mchana haifai, Jumamosi wengine wako kanisani, Jumapili pia. Siku ya soko mama mboga hawezi. Jioni ya katikati ya wiki mara nyingi ndiyo inabaki, kabla giza halijaingia ili kina mama wasiogope njia.

Pangeni wanaume na wanawake kando kama mada ni nzito. Mwanaume wa huku hatasema mbele ya shemeji kwamba analia usiku. Hilo si jambo la kubishania. Ni kulizingatia tu. Kwa wanaume, steji ya boda ama kivuli cha kinyozi ni bora kuliko ukumbi. Wanaume huzungumza vizuri wakiwa wametazama upande mmoja, si wakiwa wametazamana.

Mtafuteni mwezeshaji. Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa aina hii 100,000, na wako hadi vijijini. Anaweza kuwaelekeza kwa muuguzi au mshauri wa zahanati iliyo karibu, na kuwaambia ni nani amefundishwa masuala ya akili. Wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji waalikwe pia, lakini mkubaliane mapema: kikao si mahubiri na si baraza la kuamua kesi.

Wekeni kanuni tatu na mzirudie kila wiki. La humu halitoki humu. Hakuna kumkata mwenzako. Hakuna ushauri mpaka mwenyewe auombe. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu sisi sote ni mabingwa wa kusema, "Ningekuwa wewe..."

Na semeni mwisho mapema. "Tutakutana wiki 16, halafu tutaamua." Mtu anayejua kikao kina mwisho huja. Anayeona kama ameolewa na kikundi hukimbia.

Pesa za kikao: kidogo, wazi, na kwa maandishi

Hapa ndipo tunaweza kusaidia kwa uhakika, kwa sababu vikundi vingi havifi kwa kukosa upendo. Vinakufa kwa kukosa hesabu.

Tuchukulie kikundi cha watu 12, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki. Hiyo ni 600. Chai, maziwa, sukari na mandazi: 350. Nauli ya mwezeshaji: 150. Inabaki 100, ambayo haiguswi. Wiki 16 zikiisha akiba hiyo ni 1,600. Si pesa nyingi, lakini ndiyo ile nauli ya dharura ya kumpeleka mwenzenu hospitali ya rufaa Kakamega usiku akizidiwa, bila kuanza kuzunguka mkiomba.

Ili hesabu hiyo isiharibike:

1. Fungueni akaunti ya kikundi, msitumie laini ya mtu mmoja. Mweka hazina akiugua, akisafiri ama simu ikiibwa, pesa ya wote inapotea naye. Akaunti ya kikundi inataka watu zaidi ya mmoja waidhinishe kutoa. Chagueni watatu wasiotoka nyumba moja.

2. Linganisheni ada kabla ya kuchagua jinsi ya kuchanga. Wakati mwingine kutuma 200 mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko 50 mara nne, wakati mwingine sivyo. Jedwali la ada liko kwenye programu yetu na kwa wakala wako. Liangalieni pamoja.

3. Mweka hazina asome salio kwa sauti kila kikao. Dakika moja tu. Kikundi kinachojua salio hakina haja ya uvumi.

4. Asiye na 50 asifungiwe nje. Huyu ndiye anayehitaji kikao kuliko wote. Kubalianeni mapema kwamba mtu anaweza kuleta kuni, majani chai ama mikono ya kuosha vikombe. Na kiasi kiwe sawa kwa wote, ili mwenye uwezo asije akawa mwenye kikao.

5. Msikopeshane kutoka pesa ya kikao. Kama chama chenu kinaweka na kukopesha, endeleeni, lakini mfuko wa kikao uwe kando. Mtu akidaiwa na kikundi ataacha kuja, na siku hiyo mmempoteza mara mbili.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisema pembeni: posho. Mashirika mengi yaliyopita hapa yaliwazoesha watu kwamba ukihudhuria semina unapewa nauli, na kwa hivyo mtu akialikwa anauliza, "Kuna kitu?" Hatuwalaumu. Aliyeacha kibarua cha siku ana haki ya kuuliza. Lakini kikao kinachoshikiliwa na posho huisha siku ya mwisho ya posho. Bora muwe wachache mnaokunywa chai yenu wenyewe.

Siri iko pia ndani ya simu

Watu huogopa kikao kwa sababu moja kubwa: "Watasema mimi ni mwendawazimu." Jopokazi la kitaifa la afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipowasilisha ripoti yake 2020 lilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Unyanyapaa ulikuwa miongoni mwa mambo lililotaja. Sasa siri haitunzwi kwa mdomo peke yake. Inatunzwa pia kwenye simu.

Jina la akaunti ya kikundi huonekana kwa kila anayetuma na kila anayeshika simu yako. Usiite "Wagonjwa wa Akili Shibale." Jina la kawaida la chama linatosha. Ujumbe wa malipo vilevile: ukimlipia mwenzako dawa, usiandike jina la dawa kwenye sehemu ya maelezo.

Kikundi cha WhatsApp kiwe cha saa na mahali pa kukutana tu. Yaliyosemwa kikaoni yasiandikwe, hata kwa nia njema, hata kwa maombi. "Tumwombee ndugu yetu fulani, anapitia unyogovu" ni siri iliyotoka, hata kama imevaa kanzu.

Na usitume picha ya taarifa ya akaunti yako kwa mtu eti akusaidie kupanga bajeti. Inaonyesha unamlipa nani na umekopa wapi. Kama unataka msaada wa bajeti, andika namba kwenye karatasi.

Kwa wenye mikopo ya simu: kuna watu wanaoishi kwa hofu kwamba mkopeshaji atapigia simu mama mkwe, mwalimu mkuu ama bosi. Jueni haki yenu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kutisha mdaiwa, kumtukana, na kupigia watu walio kwenye orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Deni ni lako na utalipa, lakini aibu si riba. Akikufanyia hivyo, weka ushahidi wa meseji na upeleke malalamiko kwa Benki Kuu ama kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Matapeli wanajua ulipo udhaifu

Mtu mwenye mawazo mengi ni rahisi kudanganywa, na matapeli wanalijua hilo. Angalieni hizi:

"Mshauri" anayewapigia bila nyinyi kumtafuta, kisha anataka pesa ya usajili kwanza. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji athibitishe jina lake kabla hujatuma hata shilingi.

Harambee ya mgonjwa inayosambazwa na mtu asiyejulikana. Kabla ya kuchanga, piga simu kwa familia yenyewe, na ulinganishe jina linalotokea unapotuma na jina uliloambiwa.

Anayetaka namba yako ya siri ili "akusaidie" kwa sababu hujisikii vizuri. Hapana. Hata sisi hatuiulizi. Kama unajua kuna siku huwa huna utulivu wa kufanya maamuzi ya pesa, punguza kiwango cha matumizi ya siku kwenye laini yako ukiwa mzima, ama kubaliana na mtu unayemwamini kwamba mtazungumza kabla ya kutuma kiasi kikubwa. Huko ni kujilinda, si kutawaliwa.

Na kamari. Wengi hawaiweki kwenye orodha ya magonjwa, lakini mtu anayebeti pesa ya karo akitarajia kurudisha ya jana hahitaji matusi. Anahitaji kikao kama wengine. Akikubali, anaweza kuomba kampuni ya kamari imfungie akaunti, na akamwachia mwenza ama ndugu akiba ya nyumba.

Kikao si hospitali

Kuna wakati chai na kusikilizana havitoshi. Mtu asiyelala ama kula kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayekunywa kila siku hadi hawezi kufanya kazi, ama mama aliyejifungua juzi ambaye hataki kumshika mtoto: hawa wapelekwe kwa mhudumu wa afya. Anzeni na kituo kilicho karibu. Hospitali ya St. Mary's Mumias na ile ya kaunti ndogo ya Matungu zinaweza kumpokea na kumwelekeza, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko Kakamega mjini. Kabla ya safari, hakikisheni usajili wake wa SHA uko sawa, maana hilo ndilo litaulizwa mlangoni.

Mtu akisema amechoka kuishi, usimnyamazishe na usimwambie ni dhambi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Kaa naye, usimwache peke yake, mwite mtu wa pili, na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Zamani familia zilificha jambo hili kwa sababu ya sheria. Kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu aliyeokolewa angeweza kuishia kwa polisi badala ya kwa daktari. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Na tangu 2022, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Kwa hivyo ukienda kuuliza huduma, huombi fadhila.

Namba za kuweka kwenye simu leo

Hizi ni za bure:

1199: Msalaba Mwekundu wa Kenya, ushauri nasaha kwa simu.
1192: NACADA, kwa shida za pombe na dawa za kulevya.
1195: kwa walio kwenye dhuluma za kijinsia.
116: kwa watoto.

Huhitaji salio kuzipiga, na huhitaji kuwa umefika mwisho wa kamba.

Kama tayari mna chama, tunawapa kazi ndogo ya wiki hii. Kwenye mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa, mwenyekiti aulize kila mmoja swali moja: "Umelala vipi wiki hii?" Msikilize majibu bila kurekebisha mtu. Mkiona kuna wanaotaka kuendelea, mkubaliane siku, mahali na ile shilingi 50. Ukihitaji msaada wa kufungua akaunti ya kikundi, tembelea wakala wetu aliye karibu ukiwa na vitambulisho vya wale watatu mliowachagua, pamoja na orodha ya wanachama, naye atawaonyesha hatua kwa hatua.